Malipo ya Fundi wa Shule Hufuata Kazi Iliyopimwa

Malalamiko ya mafundi wanaojenga madarasa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo shule husimamia ujenzi yenyewe kwa kutumia mafundi badala ya mkandarasi, yameongezeka katika halmashauri zetu za Mtwara, na mengi huanza na kauli moja: fedha zimeshaingia, mwalimu mkuu amezikalia. Kauli hiyo si sahihi. Salio la akaunti ya shule halimpi fundi haki ya kulipwa. Haki hiyo inatokana na kazi iliyopimwa na kukubaliwa kwa hatua zilizomo kwenye mkataba aliousaini kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, iwe msingi, boma, kupaua au umaliziaji.

Hatua inapokamilika, fundi huandika barua ya kuomba malipo, mhandisi wa halmashauri hupima na kusaini, kamati ya ujenzi hukaa na kuandika muhtasari, ndipo hati ya malipo huandaliwa na fedha kupelekwa benki kwa jina lile lile lililo kwenye mkataba. Anayedai Sh 2,000,000 za ufundi atapokea Sh 1,900,000, kwa sababu asilimia 5 ni kodi ya zuio, ambayo shule hutakiwa kuiwasilisha TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Hajadhulumiwa, na adai cheti cha kodi hiyo.

Jambo linalozua ugomvi zaidi ni nguvu za wananchi. Wanakijiji wa Newala au Nanyumbu wakichimba msingi wenyewe, uchimbaji huo hautalipwa tena kwa fundi, hata kama uliandikwa kwenye makadirio yake. Kamati iandike siku hiyo hiyo nani amefanya nini, maana mhandisi akifika akakuta zege limeshamwagwa hawezi kukisia.

Ni kweli kwamba mhandisi huchelewa, hasa masika barabara zinapokatika, na fundi ana haki ya kumwandikia mkurugenzi. Kinachosikitisha ni wanaomshinikiza mwalimu asaini kazi ambayo haijafikia hatua inayodaiwa, eti fundi apate ya kujikimu kabla ya msimu wa korosho. Kutumia hati ya uongo kumpotosha mwajiri ni kosa chini ya kifungu cha 22 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili. Huruma si utetezi mahakamani.

Fedha ya zuio la matazamio, yaani sehemu ya malipo inayobakizwa hadi muda wa kuangalia kasoro upite, hurudishwa muda wake ukiisha na nyufa kurekebishwa. Nayo huombwa kwa barua.