Daftari la mweka hazina

Mama mmoja alifika ofisini kwetu Kisumu akiwa na daftari lililojaladiwa kwa gazeti. Ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake wanaochuuza samaki katika ufuo mmoja wa Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Kwa miaka sita ameandika humo kila mkopo: nani kachukua pesa za karai na mafuta ya kukaangia, nani karudisha, nani kafiwa akasamehewa mwezi. Mfadhili aliyekuwa ametangaza ruzuku alitaka hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa. "Mwanangu," akaniambia, "hesabu ninazo. Mkaguzi ndiye sina."

Kazi yangu ni kuratibu mtandao wa mashirika madogo ya ukanda huu wa ziwa, na kila ninapoulizwa mtandao ni wa nini, humkumbuka mama huyu. Wanachama wetu ni vikundi vyenye cheti cha ofisi ya ustawi wa jamii, vyama vya vijana, idara za maendeleo za makanisa, na mashirika yanayoongozwa sasa na sheria ya mashirika ya manufaa ya umma iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Kila mmoja hulipa ada ndogo kwa mwaka. Ada hizo, pamoja na ruzuku tunazoomba kwa pamoja, ndizo zinazomlipa mhasibu ambaye hakuna kikundi kimoja kingemmudu peke yake. Mhasibu huyo aliketi na mama siku mbili, ukurasa kwa ukurasa. Hesabu zililingana. Kikundi kikaomba ruzuku kupitia jina la mtandao: sisi tukabeba dhamana ya ukaguzi, wao wakabeba kazi.

Hapo kuna hatari, nami nimeiona. Miaka kadhaa iliyopita tulishirikiana na shirika moja kubwa kutoka nje. Wanachama wetu walizunguka vijiji kukusanya takwimu za maji, wengine kwa nauli ya mfukoni. Ripoti ilipotoka, waliandikwa humo kama "wanufaika". Nilikaa kimya kwa kuogopa kupoteza mkataba, na hadi leo kimya kile kinaniuma. Tangu hapo hatutii sahihi mkataba wowote usioonyesha nani analipwa nauli, nani analipiwa kodi ya ofisi, na jina la nani litakaa kwenye jalada. Ushirikiano wa kimataifa unaomficha aliyefanya kazi ni unyonyaji, hata ukiwa na nembo nzuri.

Kazi nyingine haipigwi picha. Kila mwaka serikali ya kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wake wa kifedha kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mwananchi anayesubiri hadi Mei amechelewa. Kwa hiyo tunaanza Januari: vikundi vinakutana, vinakubaliana mambo mawili au matatu tu, na waraka mmoja unapelekwa ukiwa na mihuri ya wote. Ombi la choo cha ufuoni likitoka kwa kikundi kimoja huwekwa kwenye faili. Likitoka kwa vikundi thelathini, mtu hupiga simu.

Lakini nataka nikae kidogo kwenye ziwa, kwa sababu hapo ndipo maneno "uraia wa dunia" yaliponiingia akilini. Asili ya magugumaji ni Amerika Kusini. Yalienea katika Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, mengi yakiletwa na mto Kagera unaokusanya maji kutoka Rwanda na Burundi. Watu wa Kisumu tuliyalaumu mataifa ya juu ya mto, na kweli mzigo ulitoka huko. Ila nani anayalisha yakishafika? Ni mbolea na udongo vinavyoshuka na mto Nyando, na majitaka ya mji wetu wenyewe. Upepo ukiyasukuma hadi Dunga, mashua hukaa ufuoni na mama wa karai hana cha kukaanga. Na dawa pia ilivuka bahari: fukusi wanaokula magugu hayo, nao wenye asili ya Amerika Kusini, walizalishwa Kibos hapa karibu na kuachiliwa ziwani mwaka 1997. Katika jambo hili moja sisi ni waathiriwa, ni wachafuzi, na ni wanafunzi wa watafiti wa mbali. Sijapata mfano bora wa kumweleza kijana maana ya kuwa raia wa dunia.

Kanada wana desturi ninayotamani tuige. Majimbo yao yana mabaraza ya mashirika ya ushirikiano wa kimataifa. Ya Manitoba na Saskatchewan yalianza mwaka 1974. Baraza la Manitoba husimamia fedha za serikali ya jimbo zinazoongezewa kwenye michango ya wananchi. Kinachonivutia zaidi ni kwamba mabaraza hayo hufanya kazi nyumbani pia. Tangu 1991 nchi hiyo huadhimisha Wiki ya Maendeleo ya Kimataifa kila mwanzo wa Februari, na anayezungumziwa ni Mkanada mwenyewe: anachonunua, anachopigia kura, anachojua kuhusu wengine. Sisi tumezoea kuketi upande wa kupokea, tukidhani elimu hiyo ni ya wenye pesa. Wakati huohuo uraia ni mmojawapo wa umilisi 7 wa kimsingi katika mtaala wetu wa shule. Walimu wanauliza waufundishe kwa mfano gani, na mto Nyando unapita palepale.

Mwaka 2025 ulitukumbusha jinsi tulivyoegemea ukuta wa mtu mwingine. Tarehe 20 Januari Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia Machi ikatangaza kufuta asilimia 83 ya programu za USAID, shirika lake la misaada. Huku magharibi, ambako huduma nyingi za virusi vya ukimwi zilisimama kwa fedha hizo, simu yetu haikunyamaza. Hatukuwa na pesa za kuziba pengo. Tulichoweza ni kuuliza kila mwanachama nani bado ana mhudumu, nani ana pikipiki, kisha tukaunganisha walio jirani.

Tulipokutana na wenzetu wa Uganda na Tanzania, nilimwomba yule mweka hazina aje na daftari lake. Wanawake wa Mwanza walimzunguka kwenye meza ya chai, wakitaka kupiga picha kurasa za mikopo iliyosamehewa. Alilifunga. Majina ya watu wake, alisema, hayatoki ufuoni. Kisha akaomba karatasi na rula, akawachorea safu zote upya, zikiwa tupu.