Je, wajua kwa nini katika poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, kopa tano hushinda karata tano zilizofuatana?

Tuseme umeshika 5, 6, 7, 8 na 9 za aina mchanganyiko. Mwenzako ana 2, 4, 7, 9 na mfalme, zote kopa. Katika poka, yeye ndiye anayezoa dau lote. Kwa macho, karata zako zilizopangana vizuri zinaonekana ngumu kupatikana kuliko zake. Hesabu inakataa.

Karata 52 zinaweza kutoa makundi 2,598,960 tofauti ya karata tano. Kati ya hayo, yenye aina moja tupu bila kufuatana, iwe kopa, uru, shupaza au pau, ni 5,108. Yenye karata zilizofuatana za aina mchanganyiko ni 10,200. Kundi lake ni adimu karibu maradufu, basi linashinda. Ngazi yote ya poka imejengwa hivyo: jozi moja hupatikana kwa njia 1,098,240, karata nne zinazolingana kwa njia 624 tu.

Ukipunguza karata, ngazi nayo huguswa. Iko poka ya karata 36, isiyo na 2 hadi 5. Humo aina moja tupu hubaki makundi 480, ilhali tatu zinazolingana pamoja na jozi ni 1,728. Kwa hiyo aina moja, ambayo kwa kawaida hushindwa na kundi hilo, imepandishwa juu yake.

Kinachonivutia zaidi kiko katika poka iitwayo Texas Hold'em. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, tano nyingine hufunuliwa mezani kwa wote, naye huchagua tano bora kati ya saba. Humo kukosa hata jozi hutokea karibu mara 17 katika 100, na kuishia na jozi moja karibu mara 44. Kukosa ndiko adimu, lakini jozi bado inashinda! Kwa nini wasigeuze? Kwa sababu mwenye jozi angeacha karata moja ya jozi yake, achague tano zisizolingana, naye ahesabiwe amekosa. Waliokosa wangekuwa wengi ghafla, na tatizo lingerudi palepale.

Anayeandika habari za poka azingatie hili. "Alikuwa na karata nzuri" haitoshi. Jozi ya wafalme ni kubwa mwanzoni. Mezani zikitokea kopa nne, nawe huna kopa, imeshuka thamani, kwani mwenye kopa moja tu ametimiza tano. Taja karata za siri, kisha za mezani kwa mpangilio wake, tatu, moja, na ya mwisho, pamoja na dau la kila hatua.