Shimo la kamba wa baharini lina ushahidi zaidi kuliko gamba la chaza

Ukikuta gamba la chaza ndani ya jiwe, usiharakishe kusema chaza huyo aliishi papo hapo. Mawimbi hubeba magamba, mito hubeba mifupa. Shimo halibebeki. Ndiyo maana nikifika kwenye mwamba hutafuta kwanza visukuku vya alama, yaani alama za viumbe wa kale zilizohifadhiwa kwenye jiwe: mashimo, njia za kutambalia, nyayo, hata mavi yaliyogeuka jiwe.

Kwenye bahari ya kina kifupi, ufuoni kabisa, mawimbi hupindua mchanga bila kupumzika na chakula huelea majini. Mnyama huchimba wima, akajificha chini na kuchuja maji. Mirija hiyo iliyonyooka huitwa Skolithos. Mbele kidogo, ambako ni dhoruba tu inayofika chini, chakula hutua pamoja na matope, kwa hiyo wanyama hutambaa wakila na kuacha mifereji ya ulalo kama Cruziana, mara nyingi kazi ya trilobaiti, wanyama wa baharini wa kale waliokwisha toweka.

Ninayoipenda zaidi ni Diplocraterion, shimo lenye umbo la U. Mchanga ukirundikana juu yake, mwenye shimo hupanda. Ukikombwa na mawimbi, hushuka. Kila hatua huacha upinde kati ya mikono miwili ya U, nawe unahesabu mchanga ulipoongezeka na ulipoondoka. Ophiomorpha nayo ni ya kamba wachimbaji: mchanga ukiwa haushikani, hukandika kuta kwa vidonge vya tope, kama fundi anayepiga lipu.

Adolf Seilacher, mtaalamu wa visukuku Mjerumani, alipanga alama hizi kimakundi miaka ya 1960, na wapo wanaoyatumia kama futi ya kupimia kina. Siafiki. Nguvu ya maji na chakula ndivyo vinavyoamua. Skolithos huonekana hata kwenye mchanga wa kina kirefu wenye mkondo mkali.

Hapa Mbeya huulizwa kama bahari iliwahi kufika kwetu. Mawe mekundu ya bonde la Rukwa ni ya mito. Kwenye tabaka za Nsungwe za bonde hilohilo, zenye miaka kama milioni 25, alama iliyotangazwa mwaka 2016 ni viota vya mchwa pamoja na bustani zao za kuvu: nchi kavu hiyo, bila ubishi. Anayetaka bahari ateremke Lindi, Tendaguru, ambako tabaka za mifupa ya dinosaria zinapishana na za bahari ya kina kifupi.

Ukiona mirija kwenye jiwe, usilibandue. Lipige picha likiwa mahali pake, uweke sarafu kando ionyeshe ukubwa, na uonyeshe upande upi ni juu. Jiwe lililong'olewa halinielezi kama mrija ulikuwa wima au umelala.