Kabla ya Kununua Dishi la Stesheni za Bure Jijini Nairobi

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na wateja ni dishi lipi lililo bora, nami hulijibu kwa swali jingine: unataka kutazama stesheni zipi? Ikiwa ni Citizen, NTV, KTN na KBC pekee, huhitaji dishi hata kidogo. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa mwaka wa 2015, stesheni hizo hupatikana bila malipo ya kila mwezi kupitia mawimbi ya ardhini ya DVB-T2, yaani mfumo wa kidijitali wa minara ya hapa nchini, na kinachotakiwa ni antena ya UHF pamoja na king'amuzi cha aina hiyo, au runinga iliyo na kipokezi chake ndani. Fundi anayekuuzia dishi kwa ajili ya hizo anakula pesa zako bure.

Dishi lina maana pale unapotaka stesheni zisizorushwa hapa kwa mawimbi ya ardhini, kama zile za Kiethiopia ambazo wateja wangu wa Eastleigh huziulizia, na ambazo hubebwa na setilaiti ya NSS-12 iliyo nyuzi 57 mashariki, yaani juu ya longitudo hiyo. Lakini setilaiti kuwa angani mwetu si hoja. Setilaiti za Astra zilizo nyuzi 19.2 mashariki ziko juu zaidi katika anga ya Nairobi kuliko zinavyoonekana kutoka Ujerumani, ila mawimbi yake ya televisheni yameelekezwa Ulaya, na dishi la kawaida la nyumbani halitakupa kitu hapa. Kwa hiyo, kabla ya kwenda kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, tafuta ramani inayoonyesha mawimbi ya stesheni unayoitaka yanaangukia wapi na kwa nguvu gani, kwa sababu setilaiti moja yaweza kurusha mafungu kadhaa ya mawimbi, kila fungu na upande wake.

Ramani hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa dishi. Dishi la sentimita 90 lina eneo mara mbili na robo ya lile la sentimita 60, na tofauti hiyo huonekana hasa wakati wa masika, kwani mvua kubwa hudhoofisha mawimbi ya bendi ya Ku, yale masafa ya juu yanayopokelewa na madishi madogo ya nyumbani. Bendi ya C, yenye masafa ya chini zaidi, hustahimili mvua vizuri zaidi, lakini kwa kawaida hudai dishi la karibu mita mbili pamoja na LNB yake maalumu, yaani kile kifaa cha kupokea mawimbi kinachokaa mbele ya dishi, na sioni mwenye nyumba wa Umoja au Zimmerman atakayekubali mpangaji aweke sinia la namna hiyo juu ya paa.

Nairobi iko nyuzi moja na ushei tu kusini mwa ikweta, na jambo hili hubadilisha mengi. Setilaiti zote za televisheni hizi zimejipanga juu ya ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, hivyo kwetu zinafuatana kutoka mashariki hadi magharibi zikipita karibu utosini. Ile ya nyuzi 36 mashariki inayotumiwa na DStv iko karibu wima juu ya jiji, na ndiyo sababu madishi yake yanatazama juu kiasi kile. NSS-12 iko mashariki, kwa mwinuko wa takriban nyuzi 66 kutoka upeo wa macho. Ukifunga dishi kwenye roshani inayotazama mashariki, na ukuta wa jirani uko mita tatu mbele yako, ukuta huo usilipite dishi kwa urefu kwa zaidi ya mita sita na nusu hivi. Katika mitaa ambako ghorofa zimebanana, kipimo hicho pekee hutosha kukupeleka juu ya paa.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza ni kuizungusha LNB ndani ya kishikio chake. Setilaiti hutuma mawimbi ya mlalo na ya wima, yaani yanayotikisika kwa pande hizo mbili, kwa kufuata ikweta, lakini mtu aliye karibu na ikweta, akitazama setilaiti iliyo mbali mashariki au magharibi, huyapokea yakiwa yamepinduka: mlalo wa setilaiti kwake ni wima. Kwa NSS-12, hesabu ya Nairobi inatoa mzunguko wa takriban nyuzi 86, yaani karibu robo nzima ya duara. Usipoizungusha, kipokezi, yaani kisanduku kilichounganishwa na runinga, kitaomba mlalo kwa kuipelekea LNB volti 18 kipewe wima, na utafutaji unaofuata orodha ya masafa utarudi mikono mitupu ingawa dishi limelenga sawasawa. Nimewahi kuitwa mahali ambapo dishi lilikuwa limebadilishwa kuwa kubwa zaidi, kumbe kilichohitajika ni kulegeza skrubu moja.

Kuhusu kipokezi sina mengi: nunua cha DVB-S2, mfumo wa kidijitali wa setilaiti, kinachosoma MPEG-4, yaani njia ya kubana picha, na ukitaka setilaiti zaidi ya moja, ongeza swichi ya DiSEqC, inayokiwezesha kuchagua kati ya LNB kadhaa. Wakati wa kulenga, fuata mstari wa ubora kwenye skrini wala si ule wa nguvu, kwa kuwa ule wa nguvu hupanda hata LNB ikiwa imeelekezwa kwenye anga tupu. Sogeza dishi polepole, ukisubiri kidogo kila unapolisogeza, kwa sababu vipokezi vya bei nafuu huchelewa kuonyesha mabadiliko.