Kona iliyokosa nafasi: yaliyosemwa na yaliyokuwa, New York 2006

Jumatano ya tarehe 11 Oktoba 2006, alasiri, ndege ndogo iligonga jengo la makazi la ghorofa 42 katika Mtaa wa 72 Mashariki, Manhattan. Moto ukatoka madirishani karibu na ghorofa ya 30, na mabaki yakaanguka barabarani. Habari za kwanza zilisema ni helikopta. Hata hilo halijasahihishwa, watu walikwisha kupata jibu la swali kubwa zaidi: magaidi wamerudi.

"Tarehe 11 haiji bure"

Ilikuwa miaka mitano na mwezi mmoja kamili tangu mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na kwa wengi hesabu hiyo ilitosha. Lakini kila mwezi una tarehe 11. Ndani ya ndege walikuwemo watu wawili tu: Cory Lidle, mrushaji wa timu ya besiboli ya Yankees, na Tyler Stanger, mwalimu wake wa urubani. Yankees walikuwa wametolewa mashindanoni na timu ya Detroit siku nne kabla, kwa hiyo msimu wa Lidle ulikuwa umekwisha. Waliruka kutoka Teterboro, New Jersey, wakaizunguka Sanamu ya Uhuru, wakashika njia ya Mto East kama watalii wengine. Walikufa wote wawili. Ndani ya jengo hakufa mtu.

Kuna waliong'ang'ania pasipoti. Ya Lidle iliokotwa barabarani, na waliokumbuka kuwa mwaka 2001 pasipoti ya mtekaji mmoja iliokotwa karibu na minara miwili wakasema mchezo ni uleule. Mimi hapo naona ndege iliyovunjikia ukutani: injini ikabaki ndani ya nyumba ya mtu, vitu vyepesi vikamwagika chini.

"Serikali ilirusha ndege za kivita, kwa hiyo ilijua kitu"

Ndege za kivita zilirushwa kweli, juu ya miji kadhaa ya Marekani na hata Kanada. Zilirushwa kwa sababu hakuna aliyejua kitu. Tangu 2001 utaratibu ulikuwa huo: ruka kwanza, uliza baadaye. Raia aliyeziona angani akazidi kuogopa. Ni kama sokoni, unamwona mlinzi anakimbia ukadhani kamwona mwizi, kumbe naye anakimbia kwa sababu watu wanakimbia.

"Jengo lingeanguka"

La. Ndege ile, Cirrus SR20, hata ikijazwa watu na mafuta ina uzito wa kilo 1,360 hivi, haifikii Hiace tupu. Tangi lake linachukua mafuta ya zaidi kidogo ya lita 200. Boeing 767 zilizogonga minara zilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 100 kila moja, na mafuta ya maelfu kwa maelfu ya lita. Na New York yenyewe ilikuwa na mfano wake: tarehe 28 Julai 1945, ndege ya jeshi aina ya B-25 iligonga Empire State Building katika ukungu. Watu 14 walikufa. Jumatatu iliyofuata jengo likafunguliwa, watu wakaingia kazini.

"Ndege ndogo ikigonga jengo, huwa ni ajali tu"

Hii ni dhana ya upande wa pili, ya wale waliowacheka waoga. Januari 2002, huko Tampa, kijana wa miaka 15 aliiondoa ndege ndogo aina ya Cessna bila ruhusa akaigongesha jengo la benki kwa makusudi, akiwa ameacha barua ya kumsifu Bin Laden. Akafa peke yake. Mwaka 2010, mhandisi mmoja wa Austin, Texas, alichoma nyumba yake asubuhi, kisha akarusha ndege hadi kwenye jengo lenye ofisi za kodi, akamuua mfanyakazi mmoja. Kuuliza "ni shambulio?" hakukuwa upuuzi. Kosa ni kujibu kabla ya kuuliza. Milano, Aprili 2002, ndege ndogo ilipoingia ghorofa ya 26 ya mnara wa Pirelli, Spika wa Seneti ya Italia mwenyewe alitangaza kuwa huenda ni ugaidi, kisha akalazimika kurudi nyuma.

"Walikuwa wanaruka mahali palipokatazwa"

Hapana, na hapa ndipo penye kisa chenyewe. Juu ya Mto East kulikuwa na njia ya wazi kwa ndege zinazoruka chini, bila kuzungumza na waongoza ndege. Lakini njia hiyo ilikuwa na mwisho: mbele yake kuna anga la uwanja wa LaGuardia. Ukifika hapo unaomba ruhusa kwa redio, au unakata kona na kurudi ulikotoka.

Walikata kona. Mto hapo una upana wa mita 640 hivi, na kuta za Manhattan ziko upande wa magharibi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mashariki, noti 13 (kilomita 24 hivi kwa saa), ukiwasukuma kuelekea majengo. Zaidi ya hayo hawakuanzia ukingo wa mashariki. Walianzia katikati ya mto, wakabakiwa na nafasi ya mita 400 hivi. Kwa hesabu za bodi ya Marekani ya uchunguzi wa ajali, NTSB, kugeuka hapo kulihitaji kuilaza ndege ubavu nyuzi 53 bila kukosea hata kidogo. Bodi ikaandika sababu: upangaji, uamuzi na urubani usiotosha. Siku mbili baada ya ajali, mamlaka ya anga ikazuia ndege za mabawa kupita hapo bila mawasiliano na waongoza ndege.

Familia zao ziliamini usukani ulikwama, zikaishtaki kampuni ya Cirrus. Mwaka 2011 baraza la raia walioketi kuamua kesi hiyo mahakamani likaipa kampuni ushindi.

"Lidle ndiye aliyekuwa anaendesha"

Vichwa vya habari viliandika hivyo, kwa kuwa jina lake ndilo lililouza magazeti na ndege ilikuwa yake. SR20 ina usukani mbele ya viti vyote viwili vya mbele. NTSB hawakuweza kubaini ni nani kati yao alikuwa ameushika.