Kinasi hufanya nini hasa zinapoamsha vidhibiti vya unukuzi?

Wanafunzi wa udaktari ninaowafundisha hapa Mwanza hulijibu swali hili kwa mstari mmoja: kinasi, ambayo ni aina ya kimeng'enya, hupachika fosfati kwenye kidhibiti cha unukuzi, yaani protini inayoamua jeni zipi zinakiliwe, nacho huanza kazi. Jibu hilo si la uongo, ila limeruka sehemu yenye uhondo wote, kwa sababu fosfati yenyewe haina amri yoyote ndani yake. Ni kikundi kidogo chenye chaji hasi, ambacho kinasi hukichukua kutoka kwenye ATP, molekuli ya nishati ya seli, na kukipachika kwenye asidi amino ya serini, threonini au tairosini. Binadamu ana jeni za kinasi zaidi ya 500, na kila kinasi ina protini inazozilenga pamoja na nafasi inayoipenda kwenye mnyororo wa protini hizo. Kinachofuata hutegemea ni protini gani nyingine itakayoitambua alama iliyoachwa.

Tumchukue mtu aliyelala bila kula. Kongosho lake hutoa glukagoni, homoni ambayo haiingii ndani ya seli za ini bali hushika kipokezi kwenye utando wa nje, na papo hapo kiwango cha AMP ya mzunguko, molekuli ndogo ya kupeleka ujumbe, hupanda ndani ya seli. Molekuli hiyo, ambayo mgunduzi wake Earl Sutherland alitunukiwa Nobel mwaka 1971, huzifungua sehemu tendaji za kinasi A, nazo huingia kwenye kiini na kupachika fosfati kwenye serini ya 133 ya kidhibiti kiitwacho CREB. CREB ilikuwa tayari imo ndani ya kiini, na mara nyingi imeshakaa juu ya DNA. Kinachobadilika ni ushirika wake: kipande chenye serini hiyo, ambacho awali hakikuwa na umbo maalumu, hujikunja na kushikana na protini CBP, ambayo nayo huweka vikundi vidogo vya asetili kwenye histoni, protini ambazo DNA imezizunguka, hadi DNA ilegee, na hapo jeni za kutengeneza glukosi zikapata kunakiliwa. Kwangu mimi huu ndio mfano wa kufundishia kuliko yote.

NF-kB, kidhibiti kingine cha unukuzi kinachoongoza majibu ya mwili dhidi ya vijidudu, hufuata njia nyingine kabisa. Hukaa nje ya kiini ikiwa imeshikwa na protini IkB, mithili ya mtumbwi uliofungwa kamba pale Mwaloni. Kinasi IKK hupachika fosfati kwenye serini ya 32 na ya 36 za IkB, yaani kwenye kamba na si kwenye mtumbwi. IkB huwekewa ubikwitini, alama ya kuharibiwa, husagwa na proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini, na NF-kB ikaingia kwenye kiini. Kwa vidhibiti viitwavyo STAT hakuna kizuizi cha kuvunja: kinasi JAK hupachika fosfati kwenye tairosini, STAT mbili zikashikana kwa alama hizo na kuingia pamoja.

Lakini fosfati huweza pia kuwa hukumu ya kifo kwa kidhibiti chenyewe, na kwa sisi wa Kanda ya Ziwa jambo hili si la vitabuni tu. Limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga inayovimbisha taya za watoto wetu na ambayo daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, hutokana na jeni ya MYC, kidhibiti cha unukuzi kinachochochea seli kugawanyika, kuhama kutoka kromosomu ya 8 na kukaa jirani na jeni za kingamwili, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14, ambako hunakiliwa bila kukoma. Kwa kawaida kinasi ERK hupachika fosfati kwenye serini ya 62 ya protini ya MYC na kuiimarisha, kisha kinasi GSK3 huongeza nyingine kwenye threonini ya 58, na hiyo ya pili ndiyo huipeleka MYC kwenye proteasomu. Katika uvimbe mwingi wa Burkitt, threonini hiyo au asidi amino za jirani yake zimebadilika, hivyo MYC haitengenezwi kupita kiasi tu, bali pia huchelewa kuharibiwa. Dawa ya kuzuia kinasi, kama imatinibu inavyofanya kwenye saratani ya damu yenye kinasi isiyo ya kawaida iitwayo BCR-ABL, haiwezi kurekebisha kasoro hii, kwa kuwa kinachokosekana ni fosfati yenyewe. Watoto hawa hutibiwa kwa dawa kama siklofosfamidi, ambayo huharibu DNA ya seli zinazogawanyika kwa kasi, iwe MYC yao imebadilika au la.