Sinema za mwanzo wa sauti: yanayosemwa na yaliyokuwa

Ukimshauri mtu atazame sinema ya mwaka 1929, hakosi sababu za kukataa, na nyingi ni za kusikia tu.

Wapo wanaodai The Jazz Singer ya Oktoba 1927 ni mazungumzo matupu. La hasha. Maongezi yake hayazidi dakika chache. Kwingine ni nyimbo na maandishi ya kusoma. Lights of New York ya 1928 ndiyo filamu ndefu ya kwanza ambamo watu wanaongea mwanzo hadi mwisho.

Wengine husema waigizaji walikuwa wamekauka mbele ya maikrofoni. Hapo pana chembe ya ukweli: kamera zilipiga kelele, zikafungiwa vibandani, zikashindwa kusogea. Lakini tazama Blackmail ya Alfred Hitchcock, ya 1929. Ilianza kama filamu bubu, kisha sauti ikaingia kazi ikiwa njiani. Nyota wake, Anny Ondra, alikuwa na lafudhi ya Kicheki, na kubandika sauti baadaye hakukuwezekana. Basi Joan Barry akasimama pembeni akisema, Ondra akichezesha midomo. Halafu inakuja meza ya kifungua kinywa. Msichana aliyemuua mwanamume aliyemshambulia usiku anamsikiliza jirani akiporoja kuhusu mauaji hayo. Maneno yanafifia, yanageuka mvumo, linabaki moja tu: kisu. Baba anamwomba akate mkate, neno linapasuka tena, na kisu kinamponyoka mkononi. Sijaona matumizi bora ya sauti katika filamu nyingi za leo.

Eti zilikuwa za kistaarabu mno? Kanuni za maadili za Hollywood ziliandikwa 1930, ila zilikazwa kwelikweli kuanzia 1934. Kabla ya hapo Barbara Stanwyck, katika Baby Face ya 1933, anapanda vyeo benki kupitia vitanda vya wakubwa. Ilikatwakatwa ili iruhusiwe. Nakala kamili ilipatikana 2004 katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Na kwamba hazituhusu? Trader Horn ya 1931 ilipigwa Afrika Mashariki, hadi maporomoko ya Murchison, Uganda. Katika Sanders of the River ya 1935, iliyotengenezwa Uingereza, Jomo Kenyatta anaonekana kama mwigizaji wa ziada. Filamu hiyo inausifu ukoloni waziwazi, na nyota wake Paul Robeson aliikana baadaye. Kwa hiyo hasa ningependa itazamwe Nairobi na Dar es Salaam, tena kwa jicho kali.